Kibebeo, Roketi na Gari la Mabua: Marekebisho ya Istilahi Kutoka Ruangwa

Miezi michache iliyopita tulipokea bahasha kutoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi wilayani Ruangwa, mkoa wa Lindi. Ndani yake mlikuwa na barua ya ukurasa mmoja pamoja na daftari la mwanafunzi wa darasa la sita. Barua hiyo haikuwa ya malalamiko. Mwalimu aliuliza swali moja tu: je, mwanafunzi huyu nimpe alama au nimnyime?

Swali la jaribio lilikuwa hili: "Setilaiti ya Uhuru ilifikaje angani?" Mwanafunzi alijibu kwa mwandiko safi: "Ilipelekwa na kibebeo. Kibebeo ni gari kubwa sana la minyororo, linatembea polepole." Kando ya jibu hilo palikuwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu, na kando ya alama ya kosa palikuwa na alama ya kuuliza, kwa wino ule ule.

Tulipoutazama ukurasa wa kijitabu ambacho darasa lilikuwa limekisoma, tuliona chanzo cha shaka ya mwalimu. Kijitabu kilisema kwamba setilaiti ya Uhuru ilipelekwa angani na kibebeo mwaka 1970. Chini ya maneno hayo ilikuwapo picha ya chombo kikubwa cha ardhini, chenye minyororo kama ya katapila, kikiwa kimebeba roketi iliyosimama wima. Chini ya picha liliandikwa neno moja: Kibebeo. Mwanafunzi alikuwa amesoma kilichoandikwa, akatazama kilichochorwa, akajibu sawasawa na kitabu chake. Naye mwandishi wa kijitabu hakulitunga neno hilo. Alilitoa katika orodha ya istilahi tuliyoiandaa sisi, ambayo ilieleza hivi: "Kibebeo: chombo cha kubebea roketi au setilaiti."

Makala haya yanakusudia kueleza kosa hilo lilivyozaliwa, vyombo vyenyewe vilivyo na vinavyofanya kazi, na istilahi tunazopendekeza zichukue mahali pa ile iliyotupotosha.

Kosa lilipo

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe lilivyokuwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi hiyo, setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbali angani, nayo ikawasaidia wataalamu kuvitambua vitu vya mbinguni ambavyo macho na darubini za kawaida haviwezi kuviona. Roketi iliyoipeleka iliitwa Scout. Ilikuwa na sehemu nne zilizounganishwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa na fueli yabisi na ikiungua kwa zamu yake.

Basi katika habari hii mna vitu vitatu. Cha kwanza ni mzigo, yaani setilaiti. Cha pili ni roketi inayoupeleka mzigo huo angani. Cha tatu ni chombo cha ardhini kinachoihamisha roketi kutoka mahali inapoungwa hadi mahali inaporushwa. Roketi huibeba setilaiti. Chombo cha ardhini huibeba roketi. Sisi tuliona vyote viwili vinabeba, tukavipa jina moja. Kwa mtaalamu aliyekwisha kuvijua vitu hivyo, jina moja huenda lisimdhuru, kwa kuwa anayo picha ya kila kimoja kichwani. Kwa mtoto anayekutana navyo mara ya kwanza, jina ndiyo picha yenyewe. Akipewa jina moja kwa vitu viwili, hana budi kuviona kuwa ni kitu kimoja.

Inasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba setilaiti yenyewe ilikuwa na jina la Kiswahili. Wageni waliazima neno letu wakalipeleka angani. Nasi tukashindwa kueleza kwa Kiswahili hicho hicho lilivyofika huko.

Gari la mabua

Tuliamua kwenda Ruangwa badala ya kujibu kwa barua. Mwalimu alitupokea vizuri, akamwita mwanafunzi mwenye daftari. Mtoto akatuamkia, akasimama mlangoni mikono nyuma kama mtu aliyekuja kuhukumiwa. Tulimwambia kwamba hatukuja kumsahihisha yeye. Mwalimu akamwambia, "Kalete lile gari lako."

Akaleta gari alilolitengeneza mwenyewe baada ya kuisoma ile sura ya kijitabu. Msomaji aliyekulia kijijini anajua magari ya namna hiyo. Bodi ilikuwa ya kipande cha kopo la mafuta ya kula, magurudumu yalikatwa kutoka kandambili kuukuu, na mihimili ilikuwa ya waya. Juu ya bodi ililazwa roketi ya bua la mtama, nayo ilifungwa kwa waya upande wa mkia tu, hata ikaweza kuzunguka hapo kama mlango kwenye bawaba. Kutoka katikati ya bua ilitoka kamba iliyopita juu ya kijiti kilichosimama. Mtoto alilivuta gari hadi kwenye alama aliyoichora mavumbini, akaivuta kamba taratibu, na roketi ikainuka mpaka ikasimama wima.

Tulimwuliza kwa nini hakuisimamisha tangu mwanzo kama ilivyo katika picha. Akasema, "Nilijaribu. Nikilivuta gari inaanguka. Nikaona ilale kwanza, ikifika ndipo isimame."

Tukamwuliza kile kijiti na kamba yake vinaitwaje. Akajibu bila kufikiri, "Kisimamishio."

Halafu tukamwuliza swali ambalo kwa hakika ndilo lililotupeleka: je, gari hili nalo linapanda angani? Akatutazama kana kwamba tunamtania. "Hapana. Gari linaishia hapa. Inayopanda ni roketi."

Mwalimu akamwonyesha jibu lake daftarini. "Mbona basi uliandika hivi?"

Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua gari halipandi. Lakini kitabu kimeandika kibebeo, na kibebeo ndilo gari. Nikadhani kitabu kinajua zaidi."

Ndugu msomaji, kauli hiyo haijatutoka masikioni. Mtoto huyu alikuwa ameifahamu sayansi kwa mikono yake. Aliacha alichokifahamu akafuata neno letu, kwa sababu neno letu lilikuwa limepigwa chapa.

Nani aliyemwiga mwenzake?

Tuliporudi ofisini tulitafuta picha za vyombo halisi ili tuone vipo namna gani. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba vingi vinafanana mno na vitu vya kuchezea vya zamani. Mwaka 1959 viwanda viwili vya Uingereza, kimoja kikitumia jina la Dinky Toys na kingine Corgi Toys, vilitoa magari madogo ya chuma ya kubebea roketi. Kila gari lilikuwa na roketi iliyolazwa mgongoni na mkono wa kuisimamisha. Mtu akiweka picha ya kigari hicho karibu na picha ya chombo halisi, kisha karibu na gari la mabua la Ruangwa, ataona mtambo ni mmoja: mzigo mrefu umelazwa, bawaba iko upande wa mkia, na kitu fulani kinavuta au kusukuma kutoka katikati.

Je, nani aliyemwiga mwenzake? Kwa vigari vya mwaka 1959 jibu ni wazi. Vilikuwa mfano wa gari la kijeshi la kweli, lililobeba kombora lililoitwa Corporal, mali ya Marekani, ambalo jeshi la Uingereza nalo lilikuwa limelinunua. Gari hilo nalo lilikuwa na mtangulizi wake. Mwaka 1944 Wajerumani walianza kuzishambulia London na Antwerp kwa kombora la V-2, lenye urefu wa meta 14. Walilisafirisha likiwa limelazwa juu ya tela maalumu lililoitwa Meillerwagen, ambalo lilikuwa na mikono ya haidroliki ya kulisimamisha. Umbo la V-2, lenye ncha kali mbele, tumbo nene kidogo katikati na mapezi manne nyuma, ndilo lililokuja kuwa umbo la roketi karibu zote za kuchezea katika miaka ya 1950. Hivyo mtoto wa Ulaya aliyekuwa akichezea roketi nyekundu sakafuni alikuwa ameshika, bila kujua, kivuli cha silaha iliyokuwa imewaua watu wa mji wake.

Lakini mtoto wa Ruangwa hakuiga hata kimoja katika hivyo. Picha pekee aliyoiona ilikuwa ya roketi iliyosimama. Alifika kwenye bawaba ya mkiani kwa sababu bua lilikuwa likianguka. Hapa ndipo tunapopata maelezo ya kweli ya mfanano huo. Kitu kirefu chembamba kikisimamishwa juu ya gari, kitovu cha uzito wake huwa juu, na mtikisiko mdogo hukiangusha. Kikilazwa, uzito hushuka. Kikishafika, njia rahisi ya kukisimamisha ni kukizungusha juu ya ncha yake ya chini. Mhandisi na mtoto walipewa swali moja, wakatoa jibu moja.

Kuhusu makopo pia kuna la kukumbuka. Mwaka 1945, baada ya vita kuu, fundi mmoja wa Japani aitwaye Matsuzo Kosuge alitengeneza mjini Otsu vijigari vya jipu kwa makopo yaliyotupwa na majeshi ya Marekani. Kutokana na mwanzo wa namna hiyo Japani ilikuja kuujaza ulimwengu kwa roketi na maroboti ya bati, ambayo leo watu wazima huyanunua kwa bei kubwa ili kuyaweka makabatini. Kwa hiyo asimcheke mtu mtoto mwenye kopo la mafuta ya kula.

Njia mbili za kuibeba roketi

Uchunguzi wetu umeonyesha kwamba kuna njia kuu mbili za kuihamisha roketi, na istilahi zetu hazina budi kuzitenganisha.

Njia ya kwanza ni kuilaza. Hii ndiyo iliyotumiwa kwa V-2, na ndiyo iliyotumiwa Baikonur na Warusi. Alfajiri ya tarehe 11 Aprili 1961, roketi iliyokuwa imchukue Yuri Gagarin ilisukumwa juu ya reli ikiwa imelazwa, ikasimamishwa pale pa kurushia, na kesho yake mtu wa kwanza akaenda angani. Katika jukwaa la San Marco pia Scout iliungwa ikiwa imelala ndani ya kibanda kirefu, kisha ikainuliwa. Roketi zinazotumia fueli ya kimiminika zina faida moja zaidi katika njia hii: huweza kusafirishwa tupu. V-2 ikiwa tupu ilikuwa na uzito wa tani 4 hivi. Ikishajazwa alkoholi na oksijeni ya kimiminika ilikaribia tani 13. Ilijazwa baada ya kusimama, basi tela halikulazimika kuubeba uzito wote.

Njia ya pili ni kuibeba ikiwa imesimama, nayo ndiyo iliyoonekana katika picha ya kijitabu. Chombo kile kiko Florida, Marekani. Viko viwili vya namna hiyo, na vilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya roketi ya Saturn V, iliyokuwa na urefu wa karibu meta 111 na ndiyo iliyowapeleka watu mwezini kuanzia mwaka 1969. Kila chombo kina urefu wa meta 40 hivi na upana wa meta 35 hivi, na kilipojengwa kilikuwa na uzito wa tani 2,700 hivi. Kinatembea juu ya minyororo minane, miwili katika kila pembe, na kila mnyororo una vipande 57 vya chuma. Kikiwa na mzigo hakizidi mwendo wa kilometa 1.6 kwa saa, yaani mtu mzima anayetembea kwa kawaida anakiacha nyuma. Njia yake imetandazwa kokoto za mtoni. Kinapopanda mwinuko wa pale pa kurushia, jeki za haidroliki huinua upande wa nyuma ili sakafu ibaki sawa na roketi ibaki wima. Tatizo la bua linaloanguka limeondolewa kwa upana, uzito, upole wa mwendo na jeki. Mwaka 2022 kimoja kati ya vyombo hivyo viwili, kikiwa kimeimarishwa, kilibeba roketi mpya ya safari ya Artemis I.

Yafaa ijulikane pia kwamba mtoto hakukosea alipoliita "gari la minyororo". Chombo hicho kilijengwa na kampuni ya Marion Power Shovel ya Ohio, iliyokuwa maarufu kwa mashine kubwa za kuchimbia migodi. Umbo lake lilitoka mgodini kabla halijafika kwenye roketi.

Jina la sura na jina la kazi

Hapa wengine waweza kuuliza: kwa nini tusikiite chombo hicho tingatinga la roketi? Swali hilo ni la haki, hasa katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa. Nachingwea ni moja kati ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo, zilizoingizwa katika Mradi wa Karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Katika mradi huo yaliletwa matrekta ya kufyeka msitu, na mengine yalikuwa vifaru vya vita vya aina ya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Reli nayo ilijengwa kufika Nachingwea mwaka 1949, ikafungwa mwaka 1962. Kwa hiyo watu wa huko walikwisha kuona zamani chombo cha vita kikigeuka chombo cha shamba, na chombo kikubwa kikija na kuondoka.

Kiswahili kimezoea kuvipa vitu majina kwa namna tatu. Kuna majina ya sura: ndege ya abiria imeitwa ndege kwa sababu inaruka, na kifaru cha vita kimeitwa kwa jina la mnyama mwenye ngozi ngumu. Kuna majina ya sauti, kama pikipiki. Na kuna majina ya kazi, kama kikokotoo na kinasa sauti. Majina ya sura na ya sauti yana ladha, nayo hukaa upesi midomoni. Lakini yana hatari yake. Neno garimoshi lilikuwa zuri wakati gari hilo lilipotoa moshi. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zimekuwa zikitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma pasipo moshi wowote. Jina limebaki, ila limekuwa kama shahidi wa jambo lililokwisha kupita. Vivyo hivyo tukisema tingatinga la roketi tutakuwa tumeviacha nje vyombo vya reli na matela, ambavyo havina minyororo.

Kosa letu, kwa upande mwingine, halikuwa la kuchagua sura badala ya kazi. Tulichagua kazi, lakini tukaichukua kazi kwa ujumla mno. "Kubeba" ni neno pana. Mama hubeba mtoto, punda hubeba magunia, mti hubeba matunda. Istilahi ya kazi haina budi kusema ni kazi gani, ya kitu gani, na inaishia wapi. Mtoto alilisema hilo kwa maneno machache: "Gari linaishia hapa. Inayopanda..." na mengine msomaji anayajua.

Kuna pia suala la roketi na kombora, ambalo mwalimu alilidokeza tulipokuwa tukiagana. Wazee wa sehemu hizo, alisema, wakisikia "gari la roketi" hufikiri vita. Si ajabu. Nachingwea ilikuwa na kambi kubwa ya mafunzo ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ambao katika miaka ya mwisho ya vita vyao walitumia makombora ya milimita 122. Na katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 makombora ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania yaliyorushwa kutoka juu ya malori yalijulikana Uganda kwa jina la Saba Saba. Lugha ya magazeti bado huyachanganya maneno haya mawili. Tunaona yafaa yatengane: roketi ni jina la mtambo, kombora ni jina la silaha. Mtambo mmoja waweza kufanywa silaha au chombo cha elimu, na msomaji ana haki ya kuambiwa ni kipi.

Na huko huko Ruangwa tumepata mfano wa neno lililofaulu. Wilaya hiyo ina madini ya kinywe. Neno kinywe ni fupi, halichanganyiki na jingine, nalo limekubalika kwa wachimbaji na katika nyaraka za Serikali. Hata lina uhusiano na habari yetu: V-2 iliongozwa kwa vibao vinne vya kinywe vilivyowekwa katika mkondo wa moto wake, kwa kuwa kinywe huvumilia joto kali. Mwalimu akipenda kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba roketi si habari ya mbali, aanzie kwenye udongo walioukanyaga.

Mapendekezo

Baada ya kuyapima hayo, tunapendekeza istilahi zifuatazo:

1. Roketi. Mtambo unaojisukuma mbele kwa kutoa gesi kwa nguvu upande wa nyuma, ukiwa na fueli yake pamoja na kiunguzaji chake.

2. Kombora. Silaha inayorushwa, iwe inasukumwa na roketi au na mzinga. Neno hili lisitumiwe kwa roketi za uchunguzi wa anga.

3. Roketi-chukuzi. Roketi inayochukua setilaiti au watu kuwapeleka angani. Mfano: Uhuru ilipelekwa angani na roketi-chukuzi iitwayo Scout.

4. Kibebaroketi (wingi: vibebaroketi). Chombo cha ardhini kinachoihamisha roketi kutoka mahali pa kuungia hadi mahali pa kurushia. Kazi yake huishia hapo. Roketi ikibebwa imelala, chombo kiitwe kibebaroketi-mlalo. Ikibebwa imesimama, kiitwe kibebaroketi-wima. Maneno mlalo na wima wanafunzi wanayajua tayari kutokana na somo la hisabati, kwa hiyo hatuwaongezei mzigo.

5. Kisimamishio. Sehemu ya kibebaroketi-mlalo, au mtambo wa pembeni, unaoitoa roketi katika hali ya kulala na kuifanya isimame.

Katika rasimu yetu ya kwanza tulikuwa tumeandika kiinulio kwa istilahi ya tano. Tumeifuta. Kuinua ni kupandisha tu, kama jeki inavyoinua gari, na kitu kilichoinuliwa chaweza kubaki kimelala. Kusimamisha ni kukifanya kitu kikae wima kwa miguu yake. Neno alilolitumia mtoto yule lilikuwa sahihi zaidi kuliko letu, tena lilikuwa limefuata kanuni zote za uundaji wa maneno ambazo sisi tulifundishwa chuoni.

Neno kibebeo halifutwi katika lugha. Kitambaa cha kumbebea mtoto ni kibebeo, na litumiwe hivyo. Linaondolewa tu katika orodha ya istilahi za anga.

Kwa mwalimu wa Ruangwa jibu letu lilikuwa fupi: mpe alama, kwa maana kosa si lake. Tulimwomba pia amweleze mwanafunzi mbele ya wenzake kwamba alichokijua kwa mikono yake kilikuwa kweli. Mwalimu alifuta alama nyekundu mbele yetu, akaandika vema. Hata hivyo vijitabu vyenye neno la zamani bado vimo mikononi mwa watoto katika shule nyingine, ambako pengine hakuna mwalimu aliyesita na kuweka alama ya kuuliza. Tunawaomba walimu wote walio na kijitabu hicho waandike kwa kalamu, juu ya maneno, roketi-chukuzi, na chini ya picha, kibebaroketi-wima.

Aidha, tunawaomba wasomaji watuletee maoni juu ya istilahi hizi tano kabla hazijathibitishwa. Mafundi wa gereji, madereva wa matela ya kubebea mitambo, wachimbaji wa migodini na wazazi wa watoto wanaounda magari ya makopo wanakaribishwa sawa na wataalamu. Mwenye neno bora zaidi atuandikie, na akiweza atueleze amelisikia kwa nani na wapi.

Lile gari la mabua tuliliacha Ruangwa kwa mwenyewe. Tulikuja na mchoro wake tu, wenye mishale na majina ya sehemu zake kama alivyotutajia. Mchoro huo umewekwa katika jalada la istilahi za anga, mbele ya orodha yetu ya kwanza.